Kijana si mzigo wa kupakia basi

Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu huliona kuwa ni la matajiri au la Wazungu. Nalo ni familia kufunga nyumba, kukabidhi ufunguo kwa jirani, na kwenda likizo nje ya nchi kwa majuma matatu au manne, tena ikiwa na watoto wakubwa, wale wa miaka 13 hadi 19 tunaowaita vijana wa rika la balehe.

Najua baadhi yenu mmeshaguna. Mtasema, huyu mama vipi, ada ya shule tu inatutoa jasho! Sikatai. Lakini hebu tuelewane kwanza maana ya nje ya nchi. Si lazima iwe London au Dubai. Kigali ni nje ya nchi. Kampala na Nairobi ni nje ya nchi, na basi linafika. Tangu tarehe 1 Julai 2010, itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuingia nchi ya jirani yake bila kulipia viza. Haki hiyo tunayo, lakini wanaoitumia zaidi ni wafanyabiashara na madereva wa malori.

Mimi nazungumza kwa kutazama safari yetu wenyewe ya mwezi Juni mwaka 2025. Tulitoka Dar es Salaam Jumatatu tarehe 9, siku mbili baada ya sikukuu ya Idi, tukarudi tarehe 1 Julai. Siku 23. Tulipita Dodoma, Rusumo, Kigali, Kampala, Jinja, Nairobi na Arusha. Tulikuwa mimi, binti yangu wa miaka 17, mtoto wa dada yangu wa miaka 15 ambaye tunaishi naye, na kitindamimba wangu wa miaka 13. Mume wangu, kwa sababu ya kazi, alitukuta Kampala.

Ninalotaka kulisema leo ni moja tu. Mtoto wa miaka mitano unaweza kumbeba mgongoni ukaenda naye utakako. Kijana wa miaka 15 habebeki. Ukimpakia basi kama gunia la mchele, atakaa kama gunia: kimya, mzito, hana habari na mlima wala mto. Safari ndefu na vijana hufaulu au huharibika nyumbani, miezi mingi kabla ya kukata tiketi, kutegemea kama umewapa sehemu ya kweli katika kuipanga. Nasema sehemu ya kweli. Kumwuliza rangi ya begi si kumshirikisha.

Hesabu ya majuma

Kwa nini tusisubiri hadi hali iwe nzuri zaidi? Chukua kalamu na karatasi, mzazi mwenzangu. Mtoto akiingia Kidato cha Tano, aghalabu hupangiwa shule ya bweni katika mkoa mwingine. Akimaliza Kidato cha Sita huenda akaitwa Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, kisha chuo, kisha kutafuta kazi. Ukihesabu majuma ambayo binti wa miaka 17 atalala tena chini ya paa lako, utapata idadi ndogo kuliko ulivyodhani.

Sisi tulipofanya hesabu hiyo tuligundua kwamba kipindi kile cha kusubiri kuingia Kidato cha Tano kilikuwa nafasi yetu. Mwanafunzi humaliza mtihani wa Kidato cha Nne mwezi Novemba, na kidato kinachofuata huanza mwezi Julai. Ni zaidi ya nusu mwaka. Wadogo zake nao hufunga shule mwezi Juni. Basi Juni ikawa mwezi pekee ambao watoto wote watatu walikuwa huru kwa wakati mmoja. Kwa familia yako huenda ikawa Desemba. Lakini kumbuka kwamba katika majuma mawili ya mwisho wa Desemba mabasi ya Moshi na Arusha hujaa kabisa, na upande wa Kenya nauli za kwenda magharibi nazo hupanda, kwa kuwa watu wote wanakwenda kwao.

Karatasi kwanza

Kabla ya kuota ndoto za Mto Naili, tazama karatasi. Kwetu sisi Watanzania, pasi ndiyo njia salama ya kuvuka mipaka hii yote. Pasi ya mtoto aliye chini ya miaka 18 haipatikani bila cheti cha kuzaliwa na idhini ya wazazi. Kama cheti hicho bado kiko kwa bibi kijijini, au jina la cheti halifanani na lile la shuleni, ni heri ulijue jambo hilo miezi sita kabla. Tena angalia pasi isiwe imebakiza chini ya miezi sita ya uhai.

Jambo la pili ni chanjo ya homa ya manjano. Uganda inadai kadi hiyo kwa msafiri. Watu wengi hawafahamu mambo mawili kuhusu kadi yenyewe. Kwanza, haianzi kutambuliwa siku unayochomwa sindano. Huanza baada ya siku 10. Kwa hiyo anayechomwa leo ili asafiri kesho amejichoma bure kwa safari ile. Pili, tangu tarehe 11 Julai 2016, kadi ya chanjo hiyo hutambuliwa kwa maisha yote ya aliyechanjwa. Zamani ilikuwa miaka 10. Mtoto akichomwa mara moja na kuitunza kadi yake, ataitumia hata akiwa na wajukuu.

Jambo la tatu linahusu familia zetu za Kiafrika zilivyo. Mtoto wa dada yangu ni wangu, ananiita mama, lakini ofisa wa mpakani hajui hivyo. Yeye huona mwanamke mwenye watoto watatu, na mmoja jina lake la ukoo ni tofauti. Ana haki ya kuuliza, kwa kuwa biashara ya kusafirisha watoto ipo. Dada yangu aliandika barua ya ridhaa, ikathibitishwa na wakili, na nakala ya kitambulisho chake ikaambatanishwa. Na kwa kuwa mume wangu hakuwa nasi mwanzoni, naye aliandika barua yake kwa ajili ya watoto wetu wawili. Pale Rusumo tuliulizwa, tukatoa, tukapita. Barua ile ilichukua dakika 20 kuandika. Isingalikuwapo, kijana wa miaka 15 angesimama mbele ya watu akihojiwa kama si wa familia, na jeraha hilo halifutiki kwa soda.

Magonjwa nayo yatazamwe. Januari 2025 ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa Biharamulo, ambako barabara ya Rusumo hupita karibu, na mwezi huohuo Uganda ikatangaza mlipuko wa Ebola mjini Kampala. Sisi hatukulipa nauli hata moja mpaka milipuko yote miwili ilipotangazwa kwisha, wa kwetu mwezi Machi na wa Uganda mwezi Aprili.

Daftari la fedha liwe wazi

Sasa nafika mahali ambapo wazazi wengi hukunja uso. Je, watoto waambiwe kiasi cha fedha kilichopo? Mume wangu alikuwa na wasiwasi. Alisema, "Mama watoto, ukiwatajia hiyo hesabu, kesho mtaa mzima utajua." Ni hofu ya haki. Sisi tumelelewa na wazee ambao mshahara wao tuliusikia siku ya kusoma wosia.

Lakini fikiria upande wa kijana. Anapoomba kitu akaambiwa "hakuna pesa", kisha jioni akaona umenunua kitu kingine, hajifunzi kubana matumizi. Anajifunza kwamba neno "hakuna" ni neno la wakubwa la kumnyamazisha. Katika safari ya siku 23 utalitamka neno hilo mara mia. Ama ulitamke wewe peke yako na uchukiwe peke yako, ama daftari lilitamke kwa niaba yako.

Tuliweka akiba Shilingi 325,000 kila mwezi kwa miezi 20, jumla Shilingi 6,500,000. Pasi na chanjo tulizilipia mbali. Jioni moja tuliwaita watoto mezani, tukafungua daftari, tukaigawa hesabu pamoja. Nauli za basi na treni, 1,400,000. Malazi, 2,200,000. Chakula, 1,500,000. Viingilio na usafiri wa mijini, 600,000. Dharura, ambayo haiguswi ila kwa ugonjwa au kukwama, 800,000. Tuliwaambia sharti moja, kwamba hesabu ya nyumbani haitoki nyumbani. Haikutoka.

Kilichofuata kilinishangaza. Yule wa miaka 15 alichukua kikokotoo akagawa fungu la chakula kwa siku 23, akapata kama Shilingi 65,000 kwa siku kwa sisi sote. Akakaa kimya. Kisha akasema, "Mama mdogo, hapa hotelini hatuli kila siku." Maneno hayo ningeyasema mimi, yangekuwa ugomvi. Aliposema yeye, yalikuwa sheria, na tangu siku hiyo akawa mweka hazina wetu. Ndiye aliyeandika kila jioni kilichotumika, kwa shilingi yetu, faranga ya Rwanda, shilingi ya Uganda na shilingi ya Kenya. Walimu wa hisabati watanielewa nikisema kwamba alijifunza uwiano kwa majuma matatu kuliko kwa mwaka mzima.

Daftari hilo ndilo lililoamua pia suala la sokwe wa milimani. Binti yangu alitamani sana kuwaona. Tukatafuta habari. Tukakuta kwamba Rwanda na Uganda zote haziruhusu mtu wa chini ya miaka 15 kwenda kuwatazama sokwe hao. Maana yake ni kwamba kitindamimba angebaki. Na ingawa Uganda ina bei ya chini zaidi kwa raia wa Jumuiya, bado ingemeza fungu la viingilio. Wakapiga kura wenyewe. Binti alishindwa, akanuna siku mbili, kisha akasema atakwenda siku moja kwa fedha zake mwenyewe. Hilo ni jibu zuri kwa mtu wa miaka 17.

Njia, saa na kalenda

Kila kijana alipewa nchi yake ya kuchunguza: wa 13 Rwanda, wa 15 Uganda, na binti Kenya. Kazi haikuwa kuandika insha. Kazi ilikuwa kujibu maswali manne: tunafikaje, tunalala wapi, kuna nini cha kuona kwa fedha ndogo, na kuna jambo gani litakalotukwamisha.

Swali hili la nne ndilo lenye thamani. Kitindamimba alirudi na orodha ya Rwanda ambayo watu wazima wengi hawana. Kwamba saa za Kigali ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, kwa hiyo anayetoka Rusumo bila kurekebisha saa yake atafika kituoni mapema, na anayetoka Kigali kwenda Kampala atapoteza saa nzima njiani. Kwamba magari ya Rwanda hupita upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo mtoto wa Dar aliyezoea kutazama kulia kwanza kabla ya kuvuka, Kigali atazame kushoto kwanza. Kwamba mifuko ya plastiki imepigwa marufuku huko tangu mwaka 2008, basi vitu viwekwe katika mifuko ya nguo. Kwamba pikipiki ya abiria hubeba mtu mmoja tu, tena huyo abiria huvaa kofia ya chuma, kwa hiyo familia ya watu wanne hukodi pikipiki nne. Na kwamba Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni siku ya Umuganda, kazi ya pamoja, ambapo asubuhi maduka hufungwa na magari husimama. Usipange kusafiri asubuhi hiyo.

Mipaka nayo si ukuta wa kudumu wala si mlango wa kudumu. Ule wa Gatuna, kati ya Rwanda na Uganda, ulifungwa Februari 2019 na kufunguliwa tena Januari 2022. Rwanda na Burundi nazo, mpaka wa nchi kavu baina yao ulifungwa na Burundi mwezi Januari 2024. Kwa hiyo kila mzazi awe na njia ya pili mfukoni, na aulize habari juma la kuondoka, sio miezi mitatu kabla.

Binti naye alifanya jambo ambalo silisahau. Rasimu ya kwanza ya ratiba ilitufikisha Nairobi Jumanne tarehe 24 Juni. Alipoiona akasema, "Mama, tarehe 25 Nairobi hapana." Vijana wa Kenya walikuwa wakikumbushana simuni kwamba siku hiyo ingetimia mwaka mmoja tangu waandamanaji walipoingia Bungeni mwaka 2024. Gazetini wakati ule hapakuwa na neno. Tukahamisha siku tatu, tukaziongeza Jinja, tukaingia Nairobi Ijumaa tarehe 27. Na kweli, tarehe 25 Juni 2025 maandamano yalifanyika Nairobi na miji mingine, na watu wakapoteza maisha. Tulisikiliza habari hizo tukiwa kando ya Naili. Wazazi tunalalamika usiku na mchana kwamba vijana hawatoki kwenye simu. Ni kweli. Lakini simu hiyohiyo inajua mambo ambayo sisi hatuyajui, na kijana aliyepewa wajibu huitumia kwa wajibu.

Mambo mazito yasifichwe

Kuna wazazi watakaouliza kama inafaa kuwapeleka vijana mahali penye historia ya kutisha. Jibu langu ni kwamba inafaa, lakini si kwa kuwashtukiza.

Daraja la Rusumo liko juu ya Mto Kagera. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka hapo kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi. Leo pana daraja jipya na kituo cha pamoja cha mpakani, ambapo unahudumiwa na maofisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja. Tuliwaeleza vijana kabla hatujafika, tukiwa bado ndani ya basi. Waliposhuka walitembea polepole.

Kigali, mahali paitwapo Gisozi, pana kumbukumbu ya mauaji ya kimbari iliyofunguliwa mwaka 2004. Hapo wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Wenyewe hushauri kwamba watoto wa chini ya miaka 12 wasiingie katika maonyesho ya ndani. Tuliwaambia wetu wote watatu: kila mmoja ana ruhusa ya kutoka nje wakati wowote bila kuulizwa. Wa miaka 13 alitoka akakaa bustanini. Nilimtuma kaka yake akakae naye, wakanywa maji, hawakuzungumza. Siku ile hatukupanga jambo lingine lolote mchana, na naomba nawe ufanye hivyo. Usimtoe mtoto hapo ukampeleka moja kwa moja sokoni kununua zawadi.

Jioni yake maswali yalianza. Je, majirani waliwezaje? Redio ilifanya nini? Nami ninayezungumza redioni nililazimika kujibu, kwa kuwa redio moja nchini humo ilichochea mauaji yale kwa majina ya watu. Tulizungumza hadi saa tano za usiku. Nyumbani Dar, mazungumzo yetu na vijana hao huishia kwenye "umekula?" na "umefanya kazi za shule?"

Vyumba, simu na siku ya bure

Sasa mambo madogo, ambayo ndiyo huvunja safari kubwa.

Chumba. Usimlaze binti wa miaka 17 chumba kimoja na wavulana wawili kwa siku 23 ukitegemea amani. Tulichukua vyumba viwili vya kawaida badala ya kimoja kikubwa, mimi na binti huku, wavulana kule. Nyumba za wageni za mashirika ya dini katika miji hii mara nyingi ni safi, zina lango, na hazina kelele za baa.

Mavazi. Watoto wa pwani hudhani Afrika Mashariki yote ni joto. Kigali iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, Nairobi kama 1,700, na Juni na Julai ndiyo miezi ya baridi Nairobi. Kila mtu na sweta lake. Binti naye abebe mahitaji yake ya mwezi ya kutosha tangu nyumbani, asilazimike kuomba fedha hizo kwa kaka yake mweka hazina.

Simu. Tulikubaliana saa mbili kila jioni ni za simu bila kubughudhiwa, na wakati wa kula zinawekwa katikati ya meza, zikiwamo zetu wazazi. Nasisitiza, zetu pia.

Mwendo. Kutoka Dar hadi Dodoma treni ya umeme iliyoanza mwaka 2024 hutumia takriban saa nne, na vijana huifurahia. Lakini kutoka Dodoma hadi Kigali ni safari ya basi ya kuchosha, tena inayopita Kahama usiku. Baada ya kila safari ndefu tuliweka siku moja ya kufua nguo na kulala. Kijana hukua usingizini. Asipolala ndiye unayemwona anagombana na kila mtu.

Siku ya kila mmoja. Kila kijana alipewa siku moja ambayo yeye ndiye kiongozi, nasi tunafuata bila kununa. Mmoja alichagua Makumbusho ya Huye, kusini mwa Rwanda, akatembeza mikono juu ya glasi za vyungu na mikuki. Mwingine alichagua Jinja, tupande mashua hadi pale maji yanapotoka Ziwa Victoria kuanza safari ya zaidi ya kilomita 6,000 kwenda Misri. Kitindamimba alitaka Kampala siku nzima, kazi yake iwe kula rolex, ile chapati ya Waganda iliyoviringishwa na mayai. Alikula nne. Nilikuwa na maoni, nikanyamaza, maana ilikuwa siku yake.

Na nafasi ya kuwa peke yake. Kijana mkubwa anahitaji kupumua bila mama. Pale Jinja binti aliomba asubuhi moja ya peke yake. Tulikubaliana mahali atakapokuwa, saa ya kurudi, namba ya simu iliyoandikwa kwenye karatasi na si simuni peke yake, na nakala ya pasi mfukoni huku pasi yenyewe nikibaki nayo. Alirudi dakika 10 kabla ya wakati. Julai hiyohiyo alikwenda bweni mkoa mwingine, na sikulala macho usiku ule nikijiuliza kama anaweza kujitunza. Nilikuwa nimeshamwona.

Lugha nayo ni somo. Rwanda iliifanya lugha yetu kuwa moja ya lugha rasmi mwaka 2017, na serikali ya Uganda ikaipitisha mwaka 2022, lakini lugha rasmi na lugha ya sokoni ni vitu viwili. Vijana wetu walilazimika kutumia Kiingereza, mikono na tabasamu. Nairobi ndiko walikochekesha: walidhani wamefika nyumbani kwa Kiswahili, kumbe kuna Sheng, na mhudumu wa mkahawa akawaambia wanaongea kama kitabu cha shule.

Kwa nani, na kwa kiasi gani

Ndugu zangu, sisemi kila familia iende siku 23. Mwenye fedha ya siku saba aende siku saba, na wa Arusha au Bukoba mpaka wake uko karibu kuliko wetu wa Dar. Wala sisemi nchi hizi ni peponi. Ninachosema ni kwamba kanuni ni ileile kwa safari ya Shilingi laki tano na ya milioni sita: karatasi mapema, hesabu iwe wazi, kila kijana awe na kazi ambayo asipoifanya sote tutakwama, na mzazi awe tayari kufuata pale alipoahidi kufuata.

Hili la mwisho ndilo gumu. Kutoa fedha ni rahisi kuliko kutoa madaraka. Mzazi anayesema "panga wewe" kisha akapangua kila kitu usiku, anamfundisha mtoto kwamba ushirikishwaji ni maneno ya mkutano. Kama huko tayari kumwachia kijana siku moja katika siku 23, usimwulize. Mwambie tu kwamba umeshapanga, angalau utakuwa mkweli.

Lakini kama uko tayari, basi jioni ya leo baada ya chakula tafuta vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Viweke mezani, waite wahusika, uwaulize wangependa kuvuka mpaka gani. Kisha nyamaza, usikilize.